Mwanafunzi anayevuruga kila kipindi: hatua kwa hatua, kuanzia kwenye daftari

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenye mwanafunzi mmoja ambaye jina lake halikosekani katika mazungumzo ya ofisini. Ameonywa, ameadhibiwa, mzazi ameitwa, na wiki inayofuata mambo ni yale yale. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu aliyekuwa ameshaomba mtoto ahamishiwe mkondo mwingine. Kama darasa zima ndilo linalokushinda, shughulika kwanza na utaratibu wa kipindi chako. Haya ninayoandika hayatakufaa.

Viboko na kumdhalilisha mtoto mbele ya wenzake havimo humu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 28, unazitaka nchi zihakikishe kuwa nidhamu ya shule inalingana na utu wa mtoto. Nami nina sababu ya kikazi pia: kiboko hakimwonyeshi mtoto afanye nini badala ya kile alichokifanya.

Hatua ya 1: Chagua tabia moja

"Mkorofi" na "hana adabu" ni hukumu, huwezi kuzihesabu. Andika kitu ambacho mtu mwingine akikaa nyuma ya darasa atakiona: anainuka bila ruhusa, anamjibu mwalimu kwa ukali, anapokonya vitu vya jirani. Moja tu. Kama ipo inayoumiza mtu, anza na hiyo.

Hatua ya 2: Uliza kuhusu mwili

Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Asiyeona ubaoni huchungulia daftari la mwenzake na kuitwa msumbufu. Kuna aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki; hukodoa macho sekunde chache tu, akirudi hajui umeuliza nini. Usingizi haba na njaa navyo huzaa hasira. Waombe wazazi au walezi wampeleke akapimwe macho na masikio, kisha endelea na hatua inayofuata bila kungoja majibu.

Hatua ya 3: Daftari la safu tatu

Hapa ndipo penye kazi yote.

Chukua daftari dogo, chora safu tatu kwa kila ukurasa: Kabla, Tabia, Baada. Pembeni andika siku, saa na somo. Kila tabia uliyoichagua inapotokea, jaza mstari mmoja. Kwa mfano:

*Jumanne, saa 3:40, hesabu. Kabla: nimewaambia wafungue zoezi la sehemu. Tabia: amemsukuma jirani, kiti kimeanguka. Baada: wenzake wamecheka, nimemtoa nje mpaka kengele.*

Fanya hivyo kwa siku kumi za masomo, usikatishe katikati eti umeshaelewa. Siku za mwanzo karibu kila mwalimu huona kile alichokuwa anakiamini tangu zamani.

Safu ya Kabla ndiyo inayowatesa walimu. Mwenzangu alikuwa akiandika "hakuna kilichotokea, ameanza tu". Mistari ya namna hiyo haikusaidii kitu. Rudi nyuma dakika mbili: ulikuwa umetoa maelekezo gani? Kazi ilikuwa mpya au ya marudio? Walikuwa wakihama kutoka shughuli moja kwenda nyingine? Alikuwa amemaliza na anasubiri wenzake? Ulikuwa umeinamia dawati la mwanafunzi mwingine? Kusubiri ni tukio. Mwalimu kugeuka kuandika ubaoni ni tukio. Ukishindwa kabisa kukumbuka, acha nafasi wazi, usibuni.

Safu ya Baada inataka ukweli, hata usiokupendeza. Andika ulichokifanya wewe na walichokifanya wanafunzi. Kama ulipaza sauti, andika. Kama darasa lilicheka, andika, kwa sababu kicheko cha darasa huenda ndicho mshahara wake.

Kisha, jambo ambalo wengi huliruka: andika pia vipindi ambavyo *hakusumbua*. Mstari mmoja unatosha: somo, na kazi iliyofanyika. Hiki ndicho kilichotufumbua macho kwa yule mtoto. Tukiangalia fujo peke yake tuliona kijana anayegombana katika kila somo. Tulipoziweka siku za utulivu kando yake, tukaona kuwa alitulia katika kila kipindi ambacho mwalimu alisoma mwenyewe, na alivuruga katika kila kipindi ambacho wanafunzi walisoma kwa sauti mmoja baada ya mwingine. Zamu ilipokuwa imebakiza wanafunzi wawili au watatu kumfikia, ugomvi ulianza, akatolewa nje. Alikuwa hawezi kusoma, na alikuwa amelificha hilo kwa ustadi tangu madarasa ya chini.

Tahadhari nyingine kuhusu daftari:

- Tumia karatasi, achana na simu. Ukishika simu darasani wanafunzi wote wanaona, na tabia unayotaka kuiandika inabadilika. Buni alama fupi, "N" kwa nje, "K" kwa kicheko, ukamilishe kengele ikilia.
- Usimpe kiranja kazi hii. Ataandika jina la asiyempenda, na mtoto atajua anachunguzwa. Orodha ya wapiga kelele ubaoni ndiyo mbaya zaidi: kwa anayetaka kutazamwa, jina ubaoni ni tuzo.
- Kwa siku hizo kumi usibadilishe mbinu zako, isipokuwa kuna hatari ya mtu kuumia. Ukibadilisha, hutajua daftari linaeleza nini.
- Fujo zikijikusanya kwenye siku fulani, mfano kila Jumatatu, au zikija bila kujali somo, chanzo huenda kiko nje ya darasa lako. Nenda moja kwa moja hatua ya 6.

Hatua ya 4: Tafuta anachopata

Soma safu ya Baada kuanzia juu hadi chini kwa mkupuo. Tabia inayorudi ina faida kwa anayeifanya: kutazamwa, kukwepa kazi au mtu, kupata kitu anachokitaka, au kutuliza mwili usiotulia. Ndiyo maana adhabu ile ile huzaa matokeo tofauti. Kumtoa nje humnyima hadhira anayependa kutazamwa. Kwa anayekimbia kusoma kwa sauti, ni kumpa alichokuja kukitafuta, na kesho atarudi kukidai tena.

Hatua ya 5: Badilisha kinachotangulia, mfundishe njia nyingine

Njia mpya lazima impatie kile kile, tena kwa urahisi kuliko fujo. Anayekwepa kazi ngumu mpe kadi ya kugeuza juu ya dawati, maana yake "nahitaji msaada", na uitikie upesi. Gawanya zoezi: maswali matatu, akuonyeshe, kisha mengine. Anayetaka kutazamwa mwamkie kwa jina mlangoni na umpitie dakika za mwanzo, kabla hajakulazimisha. Kijana wetu alipewa aya yake siku moja kabla ili ajizoeze na mwalimu faraghani, na akaanza kufundishwa kusoma tangu silabi.

Sifa ziwe mahususi: "umeinua mkono ukangoja" ina uzito kuliko "vizuri". Mwaka 1968 Madsen, Becker na Thomas walichapisha utafiti wa madarasani nchini Marekani: kanuni peke yake zilibadilisha kidogo sana, lakini kupuuza makosa madogo pamoja na kusifia tabia njema kulileta mabadiliko makubwa. Walimu wengi hufanya nusu tu, hupuuza bila kusifia.

Tegemea pia kwamba fujo inaweza kupanda kabla ya kushuka. Kilichokuwa kikilipa kimeacha kulipa, naye ataongeza nguvu. Ukilegea pale inapofika kileleni, umemfundisha kiwango kipya cha kuanzia. Na ukilegea mara moja moja ni vibaya zaidi, maana tabia inayolipwa kwa kubahatisha huchelewa sana kufa. Ngumi na vitu vya kurusha havipuuzwi. Hapo linda watoto kwanza.

Hatua ya 6: Zungumza naye

Faraghani lakini mahali panapoonekana, hasira zote zikiwa zimeshuka. Mwambie ulichokiona bila kumshtaki: "Nimeona kusoma kwa sauti kunakuwia vigumu." Kisha nyamaza. Ukimya wake wa mwanzo usiujaze kwa nasaha.

Akikuambia anapigwa au anaguswa vibaya nyumbani au popote, usimwahidi siri. Mwambie amefanya vyema kusema, na kwamba utawaeleza wanaoweza kumlinda. Usimhoji wala kumwekea maneno mdomoni. Andika maneno yake kama alivyoyasema, uripoti siku hiyo hiyo kwa anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni. Usianze kwa kumpigia mzazi, kwani huenda ndiye anayetajwa. Akitaja kujidhuru, usimwache peke yake hata dakika moja mpaka mtu mwenye dhamana afike.

Hatua ya 7: Mzazi

Kama hakuna tuhuma ya namna hiyo, mtafute ukiwa na habari njema moja ya kweli. Aliyezoea kuitwa kwa aibu humwadhibu mtoto akifika nyumbani, na kazi yako inarudi ilikotoka.

Hatua ya 8: Endelea kuandika

Fungua kurasa mpya katika daftari lile lile, hesabu kwa siku kumi nyingine ulinganishe. Idadi isiposhuka, usitafute adhabu kali zaidi. Kagua upya safu ya Kabla, ikiwezekana ukiwa na mwalimu wa somo lingine aliyekaa nyuma ya darasa akiandika yake bila kuona yako.