Kabla ya kushuka korongoni kwa pikipiki

Korongo hudanganya kwenye ramani. Unaona kilomita 150, unajiambia saa mbili na ushei zinatosha. Kumbe barabara inaufuata mto kila unapojipinda, na ukipata wastani wa kilomita 40 kwa saa umejitahidi. Hapo ni karibu saa nne za kuendesha tu, kabla ya kula, kupiga picha na kumsubiri mwenzako aliyebaki nyuma. Kwa hiyo ipange safari kwa saa za mwanga, si kwa kilomita. Kuta za korongo hulificha jua mapema: juu ukingoni kungali kweupe, chini kando ya mto giza limeshaingia. Mimi huondoka kunapopambazuka na huweka saa ya kugeuza, nifike mwisho nisifike.

Mwanga wenyewe una hila nyingine. Unatoka kwenye jua kali, unaingia kona yenye kivuli, na macho hayajazoea bado. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde, na kivulini ndimo mnamobaki umande, utando wa kijani unaoteleza na changarawe iliyoporomoka. Kioo cheusi cha helmeti kinapendeza, lakini siku hiyo kiache nyumbani.

Utabiri wa hali ya hewa usiutazame wa pale unapopita tu. Tazama na wa huko mto unakotoka, maana mvua iliyonyesha mbali inaweza kukuletea mafuriko chini ya anga la buluu. Maji yakigeuka matope ghafla au yakianza kubeba vijiti na magogo, panda juu upesi. Usiegeshe kwenye mchanga mkavu wa mtoni, hata mandhari yakikuita namna gani. Mvua pia hulegeza mawe, na mengine huanguka baada ya mvua kukatika.

Kwenye chombo chenyewe, nitang'ang'ania breki. Mteremko mrefu huzipasha moto, na mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu huwa yamenyonya unyevu, hivyo huchemka upesi; ghafla mkono wa breki unakuwa laini, unaubana na hakuna kitu. Kama hukumbuki mara ya mwisho uliyabadilisha lini, yabadilishe. Kagua pedi pia, na ukiteremka tumia gia ndogo, injini ikusaidie kushika. Upepo wa matairi upime kabla hujaondoka, yakiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Cheni ipake mafuta, iwe na ulegevu unaotakiwa.

Petroli jaza kituo cha mwisho kabla ya korongo, hata tangi likiwa nusu, kwani kupanda kwa gia ndogo hunywa kuliko ulivyozoea. Nguo vaa za kuongeza na kupunguza: kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5, na upepo wa mwendo huongeza baridi.

Kuta za mawe huziba mtandao wa simu, kwa hiyo pakua ramani mapema. Kisha mwambie mtu anayebaki nyumbani njia utakayopita, na saa ambayo asipokusikia aanze kukutafuta.