Mtu wenu akikamatwa Zambia: fanyeni hivi mbele ya kuchanga pesa

Watu wa L'shi (Lubumbashi) kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia tunajua sana, ila siku mtoto anakamatwa ng'ambo akili yote inapotea, familia inachanga, pesa anapewa komisyonere (dalali) wa mpakani anayesema "komanda namjua", kisha simu yake inazimwa. Kwa hiyo msitume hata franga moja mbele ya kujua yuko wapi na anashtakiwa nini.

Yuko wapi, yaani jina la kituo, ni Chililabombwe, Chingola ama wamemshusha mpaka Ndola. Mkiuliza, tajeni majina yote, juu sisi tuko na jina, postinomu (jina la pili) na prenomu (jina la ubatizo), na polisi wa kule anaweza kuandika mawili tu tena kinyume, unaambiwa hayupo kumbe amelala chumba cha pili. Shtaka nalo muulize vizuri: makaratasi (siku za paspoti zimepita, alipita njia ya panya) ni mambo ya imigresheni, yanaweza kuishia kwa faini ama kurudishwa, lakini wizi na magendo yanakwenda korti na huko ni safari ndefu.

Halafu yeye mwenyewe aseme kwa mdomo wake, "naomba konsula wa Kongo ajulishwe", yaani mjumbe wa nchi yetu anayesaidia raia walio ng'ambo. Mapatano ya Vienna ya 1963, kifungu cha 36, yanataka polisi wamwambie mgeni haki hiyo bila kuchelewa, ila konsula anajulishwa mfungwa akiomba, asipoomba hakuna anayepiga simu. Msifikiri ni maneno ya kitabu tu, Kongo yetu yenyewe ilishindwa kwenye Korti ya Kimataifa ya The Hague tarehe 30/11/2010 kwa kesi ya Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Guinea aliyefungwa Kinshasa akafukuzwa 1996, na moja ya makosa ilikuwa hiyohiyo, hakuambiwa haki yake ya konsula. Mwaka 2012 Kongo ikaamriwa kulipa Guinea dola 95,000. Na familia pia iandikie ubalozi wetu Lusaka, isikae kungoja.

Bondi ya polisi (kuachiwa kwa dhamana ukingoja kesi) kule Zambia ni BURE, nasema tena bure, wanachotaka ni wadhamini, kwa kawaida watu wanaoishi kule wenye kazi ya kueleweka, basi tafuteni mtu wa namna hiyo kuliko kutafuta dola. Pesa yoyote mnayoambiwa ni ya korti, daini risiti. Asiyeweza kulipa avoka (mwanasheria) aombe Legal Aid Board, ni ofisi ya serikali yao ya msaada wa sheria.

Asisaini karatasi asiyoielewa. Kibemba cha sokoni si lugha ya korti, pale wanaandika Kiingereza, na ana haki ya mkalimani bila kulipa, aombe bila haya.

Na kama ni wewe uliyeibiwa huku na mwizi amekimbilia Kitwe, usikodi polisi wa hapa umfuate, hana nguvu yoyote ng'ambo. Peleka mashtaka parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) ya L'shi, ombi la kurudishwa kwake linatoka serikali hadi serikali, SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walitia saini itifaki ya mambo hayo 2002. Itakawia kweli, lakini ukimteka na kumvusha usiku atakayelala buloko (gerezani) ni wewe.