Kuandaa bustani ya nyumbani kabla ya masika

Bustani nyingi za nyumbani Dar es Salaam, Tanga na Pwani hufia katikati ya Aprili, mvua ikiwa tele. Mchicha unaoza shina, nyanya zinanyauka zikiwa bado kijani, mbegu za bamia zinaozea ardhini. Mara nyingi chanzo ni bustani kuandaliwa kana kwamba shida itakuwa kupata maji, wakati kazi kubwa ya masika ni kuyaondoa. Kazi hiyo hufanyika Januari na Februari, udongo ukiwa mkavu. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa umelowa hushikamana, na ukikauka jembe halipiti tena.

Kwanza ujue maji yatapita wapi

Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na upime. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, hapo mizizi itakosa hewa wakati wa masika. Yakitoweka ndani ya dakika chache, una mchanga wa pwani: hautuamishi maji, lakini mbolea nayo itasombwa kwenda chini.

Kisha tazama juu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 linamwaga lita 1,000, na kama hakuna mfereji wa bati, zote zinaanguka kwenye mstari mmoja. Tuta likae angalau mita 1 kutoka kwenye mstari huo. Angalia pia chemba ya choo. Kama hufurika wakati wa mvua, usipande mboga ya majani upande yanakoelekea maji yake, hata kama majani hapo hustawi kuliko kwingine.

Matuta ya kuzama yanayotumika kiangazi kutunza unyevu yavunjwe. Masika yanataka tuta la kuinuka: upana mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, na kimo cha sentimita 20 kwenye mchanga au 30 kwenye mfinyanzi. Njia kati ya matuta iwe na upana wa sentimita 40 hadi 50, nayo ndiyo mtaro. Kwa kila mita 1 ya urefu ishuke sentimita 1. Kama uwanja una mteremko, matuta yaukinge. Yakifuata mteremko, mvua ya kwanza kubwa itashuka na udongo wote wa juu.

Anayelima kwenye viroba naye ana kazi. Toboa matundu pembeni, sentimita 5 kutoka chini, na uviweke juu ya matofali mawili. Kiroba kilichokalia sakafu ya saruji huziba matundu yake.

Samadi, mboji na jua la Februari

Mboji ya masika huanzishwa Desemba. Lundo lisipungue mita 1 kila upande, la sivyo halipati joto la kutosha kuua mbegu za magugu. Panga tabaka la majani makavu la sentimita 20, majani mabichi sentimita 10, samadi kidogo, nyunyiza maji, rudia. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku nne au tano kichomoe: kikiwa na joto, lundo linafanya kazi, kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji, kikinuka, limelowa mno, geuza na uongeze makavu. Geuza kila wiki mbili au tatu. Litaiva kwa miezi miwili hadi mitatu.

Uliyechelewa, nunua samadi ya ng'ombe, ila uishike kwanza. Iliyoiva haina joto, hainuki mkojo, na inavunjika mkononi. Debe moja la lita 20 latosha mita 2 za tuta. Samadi ya kuku ni kali, weka nusu ya hapo na iwe imekaa miezi miwili au zaidi, vinginevyo itaunguza miche. Maranda mabichi usichanganye na udongo: yanapooza hula naitrojeni ya mimea na majani yanageuka njano.

Kama msimu uliopita mizizi ya nyanya au bamia ilikuwa na vinundu, una minyoo fundo. Tengeneza tuta kabisa, changanya samadi, mwagilia hadi udongo ulowe vizuri, kisha lifunike kwa nailoni angavu na ufukie kingo zote. Liache wiki nne hadi sita kwenye jua la Januari na Februari. Nailoni nyeusi haifai sana, kwani hujipasha yenyewe kuliko udongo ulio chini yake. Baada ya kufunua usilime tena kwa kina, utapandisha minyoo iliyobaki chini.

Mnyauko bakteria ni jambo jingine, hauondoki kwa njia hii kwa uhakika. Uutambue hivi: kata shina la nyanya iliyonyauka na ulichovye kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka, ndio huo. Hapo usipande nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala mnafu. Zote ni ukoo mmoja. Weka mahindi, kunde au mchicha.

Mbegu

Kabla ya kutumia pakiti ya mwaka jana, hesabu mbegu 20, zikunje kwenye kitambaa kibichi, zihifadhi ndani ya mfuko siku saba. Zikiota 16 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota 10, panda mara mbili ya kiasi. Chini ya hapo, nunua nyingine. Mbegu za vitunguu huchoka haraka, mara nyingi hazivuki mwaka. Za nyanya hudumu miaka kadhaa zikitunzwa pakavu na penye ubaridi.

Mvua za mwanzo wa Machi hudanganya. Fuatilia utabiri wa masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, lakini uamuzi ufanyie shambani: chimba, na kama unyevu umefika sentimita 15, panda.

Nini kitangulie

Matembele ndiyo rahisi kuliko yote. Kata marando ya sentimita 30, fukia theluthi mbili, nafasi sentimita 30. Samadi nyingi si lazima. Kunde zipande kina cha sentimita 3, na majani utaanza kuchuma baada ya wiki tatu hivi. Mbegu za bamia ziloweke usiku mmoja, weka mbili kila shimo kwa kina cha sentimita 2, nafasi 60 kwa 40, kisha bakiza mche mmoja. Usizipande udongo ukiwa tope, zitaoza.

Mchicha unahitaji nidhamu. Wengi humwaga mbegu kwa mkono, unaota kama zulia, hewa haipiti, na ukungu unaozesha mashina. Changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, panda kwenye mistari yenye nafasi ya sentimita 20, na upunguze hadi mche mmoja kila sentimita 10. Miche uliyong'oa ni mboga ya kwanza.

Matandazo yawe membamba kuliko ya kiangazi, sentimita 3 hadi 5. Kazi yake sasa ni kuzuia tone la mvua lisirushe udongo wenye vimelea juu ya majani. Yasiguse shina, acha sentimita 5, maana konokono na sota (viwavi wanaokata miche) hujificha humo mchana na kula usiku.

Mbolea ya chumvichumvi usiweke kabla ya mvua kubwa, utalisha mtaro. Weka kizibo kimoja cha soda cha CAN, mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni, takriban gramu 5, kwa kila mche wa bamia, sentimita 10 kutoka shina, siku ambayo mvua imepumzika. Rudia baada ya wiki tatu.

Nyanya zisubiri. Ukizihamishia bustanini Machi, zitatoa maua katikati ya mvua na ugonjwa wa ukungu uitwao bakajani utazimaliza. Sia mbegu katikati ya Aprili chini ya paa la nailoni lililo wazi pembeni, kina cha sentimita 1, mistari ikiachana sentimita 10. Mwagilia asubuhi tu, kwa sababu kitalu kinacholala kimelowa huleta kinyausi, na miche huanguka ikiwa imekatika usawa wa udongo. Wiki ya mwisho punguza maji na uizoeshe jua kidogo kidogo. Miche yenye majani manne au matano ihamishe katikati ya Mei, mstari mmoja kwa tuta, sentimita 50 kati ya mche na mche, na mti wa kuegemea uusimike siku hiyohiyo. Ukisimika baadaye unakata mizizi. Matunda yataanza kuiva kuanzia mwisho wa Julai, mvua zikiwa zimeisha.