Jinsi ya Kusoma Masharti ya Kuingia Nchi Nyingine Wakati wa Janga Kabla ya Kulipia Tiketi

Janga la maradhi linapozuka, msafiri huuliza kwanza kama nchi anayokwenda imefunga mipaka au imeiacha wazi. Jibu la swali hilo halimsaidii sana, kwa kuwa ni nchi chache zinazofunga mipaka moja kwa moja. Nyingi huruhusu watu wa aina fulani, waliotoka mahali fulani, wakiwa na vyeti vilivyotolewa ndani ya muda fulani. Kazi ya msafiri ni kujua kila kipande cha sharti hilo kinamgusaje yeye, tena kabla hajatoa fedha. Mifano iliyomo humu inatoka katika kipindi cha UVIKO-19, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitangaza kuwa dharura ya afya ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020 na kuiondoa hadhi hiyo tarehe 5 Mei 2023.

Anza kwa kutambua unahesabiwa kuwa nani. Raia wa nchi, mkaazi wa kudumu, mwenye viza ya kazi na mtalii hawasomi ukurasa mmoja hata kama wamekaa viti vya jirani ndani ya ndege. Australia ilipowafungia wageni mlango tarehe 20 Machi 2020, raia na wakaazi wake wa kudumu waliendelea kuruhusiwa kurudi, lakini baada ya siku chache walilazimika kukaa karantini ya siku 14 hotelini, na raia aliyetaka kutoka nje ya nchi alihitaji kibali. Watalii waliochanjwa walikuja kuruhusiwa tena tarehe 21 Februari 2022. Kwa hiyo tafuta kwanza kifungu cha watu waliosamehewa, kisha usome kwa makini wamesamehewa nini hasa: huenda wamesamehewa zuio la kuingia tu, huku kipimo na karantini vikibaki palepale.

Jambo la pili ni njia uliyopita. Wengi hutazama kama jina la nchi iliyotoa pasipoti yao limo katika orodha ya nchi zilizozuiwa, ilhali mara nyingi kinachohesabiwa ni mahali ulipokuwa siku za karibuni. Zuio ambalo Marekani iliweka Machi 2020 kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, liliwahusu wageni waliokuwa huko katika siku 14 zilizotangulia, hata kama pasipoti zao zilitoka bara jingine. Uingereza nayo, ilipokuwa na orodha yake nyekundu, yaani ya nchi ilizoziona kuwa za hatari zaidi, iliangalia siku 10 za mwisho, na kubadilisha ndege katika nchi iliyoorodheshwa kulihesabiwa. Andika kwenye karatasi kila nchi uliyokanyaga au utakayopita, pamoja na tarehe, kisha uilinganishe na orodha, jina kwa jina.

Hapo penye kubadilisha ndege pana mtego unaostahili kuelezwa kwa kirefu. Ukiwa na tiketi moja inayounganisha safari yote, kwa kawaida mizigo yako hupitishwa hadi mwisho na wewe hubaki upande wa ndani wa uwanja, bila kupita dirisha la uhamiaji. Ukinunua tiketi mbili tofauti kwa sababu ni nafuu, aghalabu utalazimika kuchukua mizigo yako na kujiandikisha upya, maana yake ni kwamba utaingia rasmi katika nchi ambayo hukukusudia kuitembelea, na masharti yake yote ya viza, kipimo na chanjo yatakuhusu. Wakati wa janga, unafuu huo huweza kugeuka hasara kubwa. Kwa maoni yangu, tiketi moja ndiyo ya kuchagua hata ikiwa na bei ya juu kidogo.

Kisha yaja masaa, na hapa ndipo wengi hukwama. Sharti linaposema kipimo kiwe cha ndani ya saa 72, jiulize mambo mawili: hesabu inaanza lini, na inakoma wapi? Kwa kawaida huanza sampuli inapochukuliwa, si majibu yanapotoka. Lakini nchi nyingine huhesabu hadi ndege inapoondoka na nyingine hadi inapotua. Tuseme ndege yako inaondoka Alhamisi saa 4 usiku na safari ni ya saa 11. Ikiwa hesabu inakoma wakati wa kuondoka, sampuli isichukuliwe kabla ya Jumatatu saa 4 usiku. Ikiwa inakoma wakati wa kutua, yaani Ijumaa saa 3 asubuhi kwa saa ya ulikotoka, sampuli isichukuliwe kabla ya Jumanne saa 3 asubuhi. Aliyepimwa Jumatatu asubuhi amekosa katika hali zote mbili, ingawa yeye anahesabu siku tatu na kujiona yuko salama. Na kweli zipo nchi zinazohesabu siku badala ya saa: Marekani, kuanzia tarehe 26 Januari 2021, ilidai kipimo cha ndani ya siku tatu kabla ya kuondoka, na kwa kanuni hiyo kipimo cha Jumatatu asubuhi kingekubaliwa kwa ndege ya Alhamisi usiku. Desemba mwaka huohuo siku hizo zilipunguzwa kuwa moja.

Ukishapata cheti, kikague kama atakavyokikagua karani wa shirika la ndege kaunta. Yeye huweka pasipoti na cheti sambamba, akalinganisha jina la kwanza, la kati na la ukoo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti. Jina la kati likikosekana huweza kuleta maswali. Tarehe iliyoandikwa 04/05 huweza kusomwa kuwa Mei au Aprili, kwa hiyo omba maabara iandike mwezi kwa herufi. Hakikisha pia aina ya kipimo imetajwa, kwani nchi inayotaka PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, haitapokea kipimo cha haraka, na saa ya kuchukua sampuli ionekane wazi. Karani huyo si wa kubishana naye. Shirika linalompeleka abiria asiyeruhusiwa huweza kutozwa faini na kulazimika kumrudisha, hivyo penye shaka atakataa.

Kwa upande wa chanjo, angalia kama aina uliyochanjwa inatambuliwa na nchi hiyo, kama siku zinazotakiwa baada ya dozi ya mwisho, mara nyingi 14, zimetimia, na kama cheti hakijapitwa na muda: Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa siku 270 kwa dozi za awali kuanzia tarehe 1 Februari 2022. Janga jipya halifuti masharti ya zamani. Cheti cha homa ya manjano bado huhitajika katika nchi nyingi, nacho huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano.

Masharti haya yasome kwenye tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda, kisha uulize shirika la ndege. Matangazo ya wauza tiketi yaje mwisho, kama yatakuja. Tazama tarehe ya sharti kuanza kutumika pamoja na saa yake. Novemba 2021, wanasayansi wa Afrika Kusini walitangaza aina mpya ya kirusi tarehe 25, na kesho yake adhuhuri Uingereza ilikuwa imeziweka nchi sita za kusini mwa Afrika katika orodha nyekundu. Marekani ikafuata tarehe 29. Aliyekuwa angani hakuwa na la kufanya. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi inayozuia wasafiri ieleze sababu zake kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 48, lakini kanuni hizo hazitakupandisha ndege. Kitakachokusaidia ni tiketi inayoweza kubadilishwa tarehe, bima inayotaja janga kwa jina, na akiba ya karantini. Uingereza ilipoanzisha karantini ya hoteli Februari 2021, mtu mzima mmoja alilipa pauni 1,750 kwa siku 10.

Mwisho, panga safari ya kurudi kwa uangalifu uleule. Uliza mapema ni wapi utapimwa ukiwa ugenini, majibu huchukua muda gani, na utakaa wapi yakionyesha una maambukizi. Aliyekwisha kupona huweza kuendelea kuonekana na virusi katika kipimo cha PCR kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana Marekani ilikubali majibu chanya ya ndani ya siku 90 yakiambatana na barua ya daktari inayothibitisha kwamba msafiri amepona na anaweza kusafiri. Ukiugua safarini, uliza kama nchi unayorudi inapokea barua ya namna hiyo, na uiombe kabla hujaondoka mji ulipotibiwa.