Kupaka upya kabati la vyombo na samani za zamani: hatua, vipimo na makosa ya kanda ya ziwa

Rangi ya mafuta ikibanduka kwenye kabati miezi mitatu tu baada ya kupakwa, lawama huangukia kopo. Mara nyingi kopo halina kosa. Rangi imewekwa juu ya mng'ao wa zamani, au juu ya mafuta yaliyokuwa yakitua kwenye milango kila sangara alipokaangwa, na hapo haina pa kushika. Kabati moja ni kazi ya siku nne, na kati ya hizo brashi ya rangi yenyewe haishikwi hata saa tatu kwa jumla. Muda mwingine wote ni wa kuosha, kupiga msasa na kusubiri.

Mfano wetu ni kabati la kimo cha mita 1.8, upana mita 1.2 na kina sentimita 45. Mbele, ubavu zote mbili na juu vinafikia mita za mraba 4.3. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika mita za mraba kama 10 kwa koti moja, kwa hiyo lita 1 inatosha makoti mawili ya nje na inabaki kidogo ya kuziba mikwaruzo baadaye. Ukitaka kupaka na ndani, nunua lita nyingine: rafu nne peke yake, juu na chini, zinakula eneo lile lile la nje.

Vingine vya kununua: andakoti (rangi ya chini inayotangulia rangi yenyewe) nusu lita, tapentaini nusu lita, msasa namba 120 karatasi nne na namba 240 karatasi tatu, gundi ya mbao, spiriti kidogo, brashi ya inchi 2, rola ndogo ya sponji na barakoa. Brashi ya bei ya chini kabisa iache dukani. Inatoa nywele, na nywele moja iliyokauka ndani ya rangi nyeupe utaiona kila ukipita sebuleni.

1. Jua kilichopakwa zamani

Chovya pamba kwenye spiriti, sugua sehemu iliyojificha kwa nusu dakika. Pamba ikitoka na rangi na uso ukawa unanata, hiyo ni vanishi ya spiriti au rangi ya maji: ikwangue yote. Pamba ikitoka safi, mara nyingi ni rangi ya mafuta, na unaweza kupaka juu yake baada ya msasa.

Kagua pia matundu madogo kama ya sindano. Tandaza gazeti chini, gonga mbao kwa ngumi. Ukiona unga laini mbichi umedondoka, bungua bado wamo ndani. Ingiza dawa ya wadudu wa mbao tundu kwa tundu kwa bomba la sindano kabla ya kitu kingine, maana rangi haiwaui.

Na kama ukikwangua unakuta mninga mzima, rudisha kopo. Piga vanishi. Mninga uliofunikwa rangi ya krimu ni hasara, sema tu watu wanapenda.

2. Fungua kila kinachofunguka

Milango, droo, vitasa, bawaba. Andika namba ya kila mlango kwa penseli pale bawaba itakapokaa, ili maandishi yafunikwe. Kupaka juu ya bawaba ni uvivu unaojulikana kwa mbali: mlango unakuwa mzito, na rangi inapasuka siku ya kwanza.

3. Osha

Maji vuguvugu lita 5, sabuni ya unga vijiko viwili vya chakula. Tumia kitambaa kilichokamuliwa, usimwage maji, hasa kwenye plaiwudi. Suuza mara mbili kwa maji safi. Kisha nyunyiza matone machache: yakitandaa, pako safi, yakijikusanya kama shanga, mafuta bado yapo, rudia. Ukipaka juu ya mafuta hayo, au juu ya mabaki ya polishi ya kupuliza, rangi itajivuta pembeni na kuacha viduara vyenye doa katikati, kama macho ya dagaa.

4. Ziba, kisha msasa

Changanya vumbi laini la mbao na gundi mpaka iwe kama uji mzito, jaza nyufa na uache kijivimbe kidogo, kwa sababu mchanganyiko hunywea ukikauka. Acha mpaka kesho yake.

Msasa namba 120 uuzungushie kipande cha mbao, upige kufuata nyuzi, usikate njia panda. Lengo ni kuua mng'ao, huhitaji kufika kwenye mbao tupu. Ukidhani umemaliza, laza tochi ya simu ubavuni mwa mlango, mwanga uteleze juu ya uso. Vipande vinavyometa vitajitokeza vyenyewe, na karibu kila mara vipo kwenye pembe za fremu na kuzunguka kitasa, pale vidole vinapochoka. Rangi itakuja kubandukia hapo hapo.

Rangi ya miaka mingi inaweza kuwa na madini ya risasi. Tumia msasa wa maji, ulowanishe, watoto wakae mbali, na vumbi uliokote kwa kitambaa chenye maji, usifagie. Malizia kwa kupangusa kwa kitambaa kilichochovywa kwenye tapentaini.

5. Andakoti

Koti moja jembamba. Kwa kila robo lita ongeza kijiko kimoja cha chakula cha tapentaini. Acha saa 24, pitisha msasa 240 kwa mkono mwepesi, pangusa.

6. Rangi

Anza saa 3 asubuhi, umande ukiwa umekauka, na uweke brashi chini kufikia saa 9 alasiri. Rangi iliyopakwa jioni karibu na ziwa hupata unyevu kabla haijashika, na asubuhi mng'ao umegeuka ukungu mweupe. Jua kali la mchana nalo si rafiki: juu hukauka, chini kukiwa kubichi, na uso hukunjamana. Paka kivulini penye hewa. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri Mwanza. Machi hadi Mei, badala ya saa 24 kati ya makoti subiri hata 36.

Chovya theluthi moja tu ya nywele za brashi. Kwenye mlango wa paneli anza katikati, kisha vipande vya mlalo, mwisho vya wima. Ukishanyoosha, usirudi. Kurudia rangi iliyoanza kukaza ndiko kunakoacha mistari.

Kabla ya koti la pili, bonyeza kidole gumba mahali pasipoonekana na ukizungushe. Kikiacha alama, bado. Milango usiifunge kwa wiki nzima, vyombo virudi baada ya wiki mbili. Vikirudi mapema, vitaganda kwenye rafu na kuondoka na rangi.

Maswali ya wanachama (kila swali limeanza na mtaa wa Mwanza lilikotoka)

Igoma: Shikamoo fundi. Kitanda cha mninga nimekipaka nyeupe, baada ya siku mbili yametokea madoa ya pinki iliyopauka. Nimeongeza koti la tatu, yamerudi.

Marahaba. Hiyo ni rangi ya asili ya mti inayopanda juu. Hata koti la kumi halitaizuia. Piga msasa 240, paka shelaki (aina ya vanishi) iliyoyeyushwa kwa spiriti makoti mawili, saa mbili kati yake, kisha rudi kwenye andakoti na nyeupe.

Kirumba: Mkuu, wadudu wa ziwani wameingia usiku, meza nzima imejaa na rangi ni mbichi. Nifute?

Usiguse. Ukifuta unawasaga ndani ya rangi. Acha ikauke siku mbili, wafagie kwa brashi kavu, piga msasa wa maji 240, ongeza koti jembamba. Wanafuata mwanga, kwa hiyo usiku zima taa ya chumba hicho, na tundika chandarua juu ya meza bila kuigusa.

Buhongwa: Nimebakiwa na rangi ya maji ya ukutani. Siwezi kuimalizia kwenye meza ya kahawa?

Kwenye meza hapana dada, kikombe cha moto kitang'oka nayo. Imalizie kwenye fremu za picha au chungu cha mapambo. Ila chungu usikitie maji: yanapenya udongo na kuisukuma rangi kutoka nyuma. Maua yaweke kwenye glasi ndani ya chungu.

Nyakato: Dukani nimepewa thina ya rangi za magari. Nimepaka, rangi ya zamani imejikunja kama utando wa maziwa.

Thina hiyo ni kali kuliko tapentaini, imeilainisha rangi ya chini na kuiinua. Kwangua yote iliyoinuka, iache siku tatu ikaze, anza upya hatua ya nne.

Pasiansi: Viti vyangu ni vya chuma na vina kutu. Hatua ni hizi hizi?

Kuosha ni kule kule. Baada ya hapo kwangua kutu kwa brashi ya waya, msasa namba 80 hadi chuma king'ae, kisha praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kuzuia kutu siku ile ile kabla ya jioni. Ukilaza chuma kitupu usiku mmoja kwa unyevu wa huku, asubuhi unakuta wekundu umeshaanza, na msasa unarudiwa.