Kuchonga nakshi mbele ya wageni, Ngome ya Lamu: soma hapa kwanza

Msimu wa wageni ukikaribia naulizwa lile lile: "Fundi, nimeitwa kuonyesha kazi Ngomeni, nianzie wapi?" Naandika mara moja, basi.

1. Mti: mwembe uliokauka vizuri. Mbambakofi ni wa milango, na mgumu kwa mkono mpya.

2. Kibao cha sm 40 kwa 15, unene sm 4. Piga randa, kibane kwa jiriwa.

3. Chora duara kwa bikari. Usiibadilishe upana: ukiitembeza ukingoni itagota mara 6 kamili, na hapo umepata ncha za petali 6 bila kupima. Ukitaka kuiga nakshi ya mlango wa zamani, piga picha. Usibandike karatasi wala kugonga msumari. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, na milango ile haina mbadala.

4. Kukata mipaka. Hapa ndipo vibao vingi vinapoharibika, kwa hiyo soma taratibu. Patasi isimame wima, au mpini uinamie kidogo upande wa petali, ili ukuta utanuke ukishuka. Ukichimba kwa ndani, petali inabaki bila kitako na itameguka. Anza na mikato inayovuka nyuzi za mti, ndipo ufuate inayokwenda nazo. Ukigeuza mpangilio huo, patasi inafanya kazi ya kabari na ufa unakimbia hadi mwisho wa kibao. Kwenye ncha za petali gonga kidogo kidogo. Kina cha mm 3 hakifikiwi kwa pigo moja. Na mkono wa kushoto usikae mbele ya makali, hata kwa sekunde, hata mgeni akikuita upige naye picha.

5. Chimba uwanja, yaani sehemu iliyo nje ya petali, ukielekea kwenye mpaka, patasi ikiwa imelala.

6. Mishipa ya petali: patasi ya mviringo.

7. Msasa usiguse nakshi. Unakula kona, na kona kali ndizo zinazoshika kivuli.

Siku yenyewe njoo na vibao vitatu: kilichochorwa, kilichokatwa mipaka, kilichokamilika. Mgeni wa dakika tano ataona njia nzima. Kaa mahali mwanga unapoingia kwa ubavu. Jua la utosini linafuta kina chote.

MASWALI

— Fundi, nitumie mti gani?
Hatua ya 1.

— Kwa nini nisitumie mashine? Ni haraka zaidi.
Kwako nyumbani tumia upendavyo, sikukatazi. Ngomeni watu wanakuja kuona mkono unavyofanya kazi, na mashine itawafukuza kwa kelele na vumbi.

— Asalaam aleikum fundi. Nasomea sanaa. Kwa nini milango ya pwani imejaa maua na minyororo, wanyama karibu hakuna?
Waaleikum salaam binti yangu, umeuliza la maana. Mafundi wengi walikuwa Waislamu, wakajiepusha na viumbe wenye roho. Wakaelekeza ufundi wote kwenye maua, majani na minyororo, na kwenye vizingiti vingine vya juu utakuta aya. Ukija Lamu tazama mfaa, ule mti wa katikati mbawa mbili zinapokutana. Chagua shina moja chini ulifuate kwa kidole, bila kugusa, hadi juu. Utaona fundi alivyolipindisha ndani ya nafasi nyembamba bila kulikata. Njoo na daftari, nitakuonyesha nilipoanzia mimi.

— Kibao changu kimepasuka hatua ya 5, mti mbovu?
Ulikata nini kwanza? Rudi hatua ya 4.

— Patasi zangu zinashika kutu kila wiki, niko Shela ufukweni.
Ni chumvi ya hewa. Kila jioni zifute kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, uzifunge kila moja peke yake. Usiziweke kwenye ala ya ngozi usiku. Ngozi inavuta unyevu.

— Mafuta ya nazi je?
Yakikaa yanachacha. Ya cherehani.