Kufunga Debian kwenye kishikwambi cha Intel hadi kitumike kwa kidole tu

Mwongozo huu ni wa kishikwambi cha mtumba cha Windows 10 chenye prosesa ya Intel Atom Z3735F, RAM GB 2 na hifadhi GB 32, kitakachokaa kaunta ya duka Arusha mjini au mezani kwa karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) anayepokea kahawa huko Moshi vijijini. Windows 11 inataka RAM GB 4 na hifadhi GB 64, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa 14 Oktoba 2025. Debian, mfumo endeshi wa Linux, ikiwa na GNOME (mazingira yake ya madirisha na vitufe) inakitosha. Vya Android vyenye prosesa ya ARM havihusiki hapa.

1. Kabla ya kufuta Windows

Nakili faili `C:\Windows\System32\drivers\SileadTouch.sys` kwenye flashi, kama lipo. Ndani yake mna data ya kuamshia skrini ya mguso ya kifaa hichohicho, na ukishafuta Windows ni shida kuipata kwingine. Usiruke hatua hii.

Tafuta waya wa OTG (wa kuunganisha vifaa vya USB kwenye kishikwambi), habu ya USB, kibodi, mausi na flashi ya pili ya GB 4 iliyoandikwa kifungaji cha Debian. Jaza chaji kabisa: mara nyingi tundu la kuchajia ndilo hilohilo la OTG, kwa hiyo wakati wa kufunga utategemea betri.

2. Kuwasha kwa flashi

Prosesa ni ya biti 64 lakini UEFI yake (programu ya ndani inayokiwasha kifaa) ni ya biti 32. Fungua folda `EFI/BOOT` kwenye flashi ya Debian uhakikishe kuna `bootia32.efi`. Lisipokuwepo, flashi haitaonekana kwenye orodha ya kuwashia, na wengi hudhani flashi imekufa. Kwenye mipangilio ya UEFI, zima Secure Boot (ulinzi unaokagua mfumo kabla ya kuwaka), kisha washa kwa flashi na ufunge Debian.

Usichague kusimba diski nzima kwa nenosiri (encryption). Nenosiri hilo huombwa kabla kibodi ya skrini haijaamka, na karani asiye na kibodi ya waya atakwama hapo kila asubuhi.

3. Skrini ikubali mguso

Debian ikishawaka, fungua terminal (dirisha la amri) uandike:

`sudo dmesg | grep -i silead`

Ukiona `Direct firmware load for silead/mssl1680.fw failed with error -2`, skrini ni nzima. Linalokosekana ni faili tu. Lichambue kutoka `SileadTouch.sys` kwa zana za mradi wa gsl-firmware, liweke `/lib/firmware/silead/` kwa jina lilelile lililotajwa kwenye ujumbe, kisha washa upya.

4. Picha na kidole vielekee upande mmoja

Haya ni matatizo mawili, usiyachanganye. Picha ikigeuka vibaya unapoinamisha kifaa, kosa ni la kihisi cha mwinamo. Funga `iio-sensor-proxy` kwa `sudo apt install`, endesha `monitor-sensor` na uone kinasema nini. Soma jina la kihisi:

`cat /sys/bus/iio/devices/iio:device0/../modalias`

Kisha kwenye `/etc/udev/hwdb.d/61-sensor-local.hwdb` andika mstari wa `sensor:modalias:`, jina hilo, na `:dmi:*`. Mstari wa pili uanze na nafasi moja:

` ACCEL_MOUNT_MATRIX=0, 1, 0; -1, 0, 0; 0, 0, 1`

Endesha `sudo systemd-hwdb update`, washa upya. Ikigeukia upande wa pili, badilishana alama za 1 na -1.

Picha ikiwa sawa lakini ukigusa kushoto kunaitikia juu, kosa ni la mguso. Hilo hurekebishwa kwa kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayotambua vifaa) yenye `LIBINPUT_CALIBRATION_MATRIX`: `0 -1 1 1 0 0` kwa nyuzi 90, `0 1 0 -1 0 1` kwa 270.

5. Vipimo vya kidole

Kitufe kikiwa chini ya milimita 9 hivi, kidole hugusa cha jirani. Kuza maandishi:

`gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.25`

Washa kibodi ya skrini kwenye mipangilio ya ufikivu. Programu za zamani haziiiti zenyewe. Telezesha kidole toka ukingo wa chini kwenda juu. Kwa RAM ndogo hii, funga `zram-tools`, inayobana data ndani ya RAM ili itoshe zaidi, na uweke `PERCENT=50` kwenye `/etc/default/zramswap`.

6. Jaribio

Chomoa kila kitu. Zima, washa, ingia, fungua daftari la mauzo, andika, hifadhi, zima. Ukihitaji kibodi ya waya popote, hujamaliza.

Rudia jaribio kikiwa kwenye chaja kitakayotumia kila siku. Skrini ikijigusa yenyewe, badilisha chaja kwanza: chaja duni huingiza kelele za umeme kwenye skrini. Kwa karani wa kahawa, weka kitambaa kikavu mezani, maana tone la maji kwenye kioo husomeka kama kidole.